Radoni, chumvi na bamvua: safari ya visima vya Pemba

Jumapili, Unguja

Mizigo yote inafungwa leo, maana kitakachosahaulika hapa ni vigumu kukipata upande wa pili wa maji. Kazi yenyewe ni kupima maji ya ardhini na gesi zilizomo ndani yake, kuanzia Mkoani hadi Konde, ili kisiwa kiwe na kumbukumbu ya hali yake ya kawaida, kwani hudaiwa kwamba maji na gesi hizo hubadilika kabla ya tetemeko. Tetemeko la tarehe 12 Agosti 2020, lenye ukubwa wa karibu 6, lilitokea baharini kusini-mashariki mwa Dar es Salaam saa 2 usiku na dakika zake, likasikika Dar na Unguja. Kanuni ya Dobrovolsky ya mwaka 1979 inakadiria umbali ambao miamba inaweza kubanwa kabla ya tetemeko: kwa ukubwa wa 5 ni kilomita 141, kwa ukubwa wa 6 ni kilomita 380. Pemba iko zaidi ya kilomita 200 kutoka kitovu kile, kwa hiyo ilikuwa ndani ya duara. Lakini kama kisima hakina vipimo vya miezi iliyotangulia, hakuna awezaye kusema kilibadilika au kilitulia.

Sandukuni kuna mashine ya RAD7 ya kupima radoni, gesi yenye mionzi itokayo mwambani, kwa kuhesabu chembe za alfa, chupa za kioo za mililita 250, bomba za shaba na vibano vyake, chujio za mikromita 0.45, chupa za plastiki ngumu, futi kamba ya umeme ya kupimia kina cha maji, na vifaa vya kurekodi mgandamizo vinavyoshushwa kisimani. Asidi ya nitriki isipakiwe kwenye chupa kubwa. Ipimwe kabisa ndani ya vichupa vya nusu mililita, kimoja kwa kila sampuli ya mililita 100, kisha vifungwe ndani ya ndoo yenye magadi. Boti ikiyumba, kichupa kimoja kikipasuka, magadi yanaimaliza.

Chembe za kukaushia hewa zikaguliwe leo. Zikiwa kavu ni za buluu, zikishiba unyevu zinageuka waridi. Ndani ya RAD7 unyevu unatakiwa ubaki chini ya asilimia 10, kwa sababu mvuke unavuruga chembe za poloniamu zinazozaliwa na radoni kabla hazijavutwa na umeme kwenye sensa, na hesabu inashuka. Hewa ya Pemba ina unyevu mwingi mwaka mzima, kwa hiyo chukueni akiba mara mbili ya ile mnayodhani inatosha. Zilizogeuka waridi zitandazwe tabaka jembamba kwenye oveni, nyuzi 210, kwa saa 1.

Jumatatu, Mkoani

Kabla ya kugusa kisima chochote, kwa sheha kwanza. Si adabu tu. Sheha ndiye anayejua kisima kipi kilikauka mwaka gani, kipi kiliingia chumvi baada ya pampu kubwa kufungwa, na nani anashika ufunguo. Habari hizo hazimo kwenye karatasi ya mchimbaji.

Kisima cha kuchimba kwa mkono, kilicho wazi na kinachotekwa kwa ndoo, hakifai kwa radoni. Kila ndoo inayotumbukia inachanganya maji na hewa, na gesi inatoroka. Tafuteni kisima kilichochimbwa kwa mashine, chenye bomba lililozibwa vizuri juu, chenye kumbukumbu ya kina na ya sehemu ambapo maji yanaingilia. Kile kisichotumika sana ni bora kuliko kile kinachohudumia kijiji kizima. Kikiwa ni cha Mamlaka ya Maji, ombeni ratiba ya pampu na muibandike ndani ya daftari.

Radoni-222 inazaliwa kutoka kwenye radiamu iliyomo katika mwamba, na nusu-uhai wake ni siku 3.82. Maji yaliyokaa ndani ya bomba kwa siku nne yamepoteza nusu ya radoni yake bila tetemeko wala chochote. Ndiyo maana maji ya zamani yanatolewa kwanza. Bomba la kipenyo cha sentimita 15 lenye maji ya urefu wa mita 10 linabeba lita 177. Toeni mara tatu yake, yaani lita 530. Pampu ya lita 20 kwa dakika itachukua kama dakika 27. Kisha angalieni kipimo cha upitishaji umeme, pH na joto kila dakika 5. Masomo matatu mfululizo yakitofautiana chini ya asilimia 3 kwa umeme, 0.1 kwa pH na nyuzi 0.2 kwa joto, maji yanayotoka sasa ni ya mwambani.

Kujaza chupa ya radoni ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Chupa isimame ndani ya ndoo, mpira mwembamba ufike hadi kitako chake, maji yapande taratibu bila kurukaruka, yamwagike mpaka ndoo yenyewe iizamishe chupa. Mpira utolewe polepole, kifuniko kifungwe chini ya maji, kisha chupa igeuzwe juu chini na kugongwa kwa kidole. Kipovu kikionekana, mwageni muanze upya. Kwenye maji ya nyuzi 27, radoni inapenda hewa karibu mara tano kuliko inavyopenda maji. Kipovu cha mililita 5 ndani ya chupa ya mililita 250 kinajichukulia karibu asilimia 9 ya radoni yote. Tofauti kama hiyo, mtu asiyejua, angeiita dalili.

Jumanne, Chake Chake

Leo vinashushwa vifaa vya kurekodi kina cha maji. Kifaa kinapima mgandamizo wote, wa maji na wa hewa iliyo juu yake, kwa hiyo kinahitaji mwenzake anayepima hewa peke yake, kivulini, nje ya bomba lililofungwa. Hektopaskali 1 ya hewa ni sawa na sentimita 1.02 ya maji. Katika ukanda wetu mgandamizo wa hewa unapanda na kushuka mara mbili kwa siku, kilele kikiwa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, kwa tofauti ya hektopaskali 2 hadi 3. Msipoitoa, grafu yenu itakuwa na vilima viwili kila siku.

Bahari nayo ina lake. Maji kujaa na kupwa Pemba, wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, yanatofautiana karibu mita 4, na uzito huo unabana mwamba wa kisiwa na kusukuma maji ya visima. Kuvitenganisha si kazi ngumu: hewa inafuata saa ya ukutani, bahari inafuata mwezi. Kilele cha bahari kinachelewa kama dakika 50 kila siku. Mwezi mmoja wa kumbukumbu unatosha kuvitambua, miwili ni bora.

Kifaa kifungwe kwa waya wa chuma kisichoshika kutu. Kamba ya nailoni ikilowa inarefuka, kifaa kinazama zaidi, na rekodi inaonyesha maji yamepanda polepole kwa wiki kadhaa. Umbo hilo hasa ndilo linaloandikwa kwenye makala kuwa ni mabadiliko ya kabla ya tetemeko. Kila mkifika kisimani, pimeni kina kwa futi ya umeme na mlinganishe na kifaa. Vikipishana kwa zaidi ya sentimita 1, tafuteni sababu kabla ya kuondoka.

Saa ya kifaa iwekwe kwenye saa za dunia, maana orodha za matetemeko zinatolewa kwa saa hizo. Sisi tuko mbele saa 3. Daftarini andikeni kwa mtindo wa saa 24. Mlinzi wa kisima akiandika "saa 2" ya asubuhi na mwingine akaisoma kama 02:00, yaani saa nane za usiku, sampuli imehama saa sita. Kwa mawimbi ya tetemeko lenyewe, rekodi ya kila dakika 15 ni pana mno, kwani mtikisiko unapita katikati. Dakika 1 ni ya kiasi, na kumbukumbu ya kifaa inabeba miezi.

Kifaa hiki kina faida ya haraka kuliko gesi zote. Tetemeko kubwa la mbali linatikisa maji ya kisima chenye mwamba uliofungwa vizuri; la Alaska la mwaka 1964 lilitikisa visima vya sehemu nyingi za Marekani. Kisima kikijibu tetemeko la mbali, mmepata kipimo cha wepesi wake wa kuhisi. Kisichojibu kamwe, msikitegemee kwa dalili ndogo za kabla.

Jumatano, Tundaua

Magharibi ya Chake, hapa Tundaua, mafuta yanajitokeza yenyewe ardhini, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kisima cha utafiti wa mafuta kilichimbwa Pemba. Kwa mpimaji wa gesi ni mahali pazuri na pa hatari kwa pamoja. Radoni peke yake haisafiri mbali, kwani kwa nusu-uhai wa siku 3.82 inapenya kwenye udongo mkavu mita 1 au 2 tu kabla haijafifia. Ikitoka mbali zaidi, imebebwa na gesi nyingine: hewa ukaa, methani, naitrojeni. Kwa hiyo radoni ya juu haiwezi kuwa imetoka moja kwa moja kwenye kitovu cha tetemeko kilomita 10 au 20 chini. Inayobadilika ni njia za karibu: nyufa zimefunguka au zimebanwa, gesi bebaji imeongezeka au imepungua. Anayeuza habari kwamba radoni "imepanda kutoka kwenye ufa wa tetemeko" amekosea fizikia tangu mwanzo.

Bomba la chuma lenye ncha linapigwa nyundo hadi sentimita 80 au mita 1. Pungufu ya hapo hewa ya nje inavutwa ndani. Udongo wa mfinyanzi wa hapa unaziba matundu ya ncha. Sukumeni msumari mrefu kupitia bomba kuufungua, kisha kandamizeni udongo kuzunguka bomba kwa kisigino. Pampu ikilalamika na mtiririko ukashuka, msilazimishe, chomoeni mkapige mita moja pembeni. Toroni, ndugu wa radoni mwenye nusu-uhai wa sekunde 56, inaingia pamoja nayo. Ama isomwe kwenye dirisha lake la nishati, ama mtiririko ufungwe kwa dakika 5 ife yenyewe.

Methani isipimwe kwa wingi pekee. Matope ya mikoko nayo yanatoa methani kila siku. Sampuli iende maabara kwa isotopu za kaboni, yaani uwiano wa kaboni nzito kwa nyepesi: methani ya vijidudu kwa kawaida iko chini ya hasi 60 kwa elfu, ile iliyopikwa na joto la kina iko juu zaidi, mara nyingi kati ya hasi 50 na hasi 30. Hidrojeni ina mtego wake. Mwamba uliovunjika upya ukikutana na maji hutoa hidrojeni, na ndiyo maana Wajapani waliifuatilia kwenye nyufa zao; lakini bomba la chuma linaloliwa na kutu kisimani hutoa hidrojeni hiyo hiyo. Kisima cha bomba la chuma kitoeni kwenye orodha ya hidrojeni.

Heliamu inachukuliwa kwa bomba la shaba, kwani inapenya plastiki na hata kioo. Maji yapite ndani ya bomba kwa dakika kadhaa huku likigongwa kutoa vipovu, mwisho wa kutokea ukiwa juu. Kazeni kibano cha juu kwanza, kisha cha chini, nati zote mbili sawasawa hadi chuma kigusane na chuma. Uwiano wa heliamu-3 kwa heliamu-4 hewani ni takriban 1.4 kwa milioni. Gesi ya magma inafika mara 8 ya hapo, ya miamba ya kale inashuka hadi asilimia 2 yake. Sampuli iliyoonja hewa itajitangaza kwa neoni nyingi.

Alhamisi, Wete

Mvua tangu alfajiri, kwa hiyo hakuna kupima gesi ya udongo. Udongo uliolowa unafunika kama kifuniko cha sufuria: radoni chini yake inapanda siku chache, kisha inarudi. Subirini siku 3 kavu baada ya mvua kubwa, au andikeni mvua kwa milimita kando ya kila somo. Visima vilipimwa kama kawaida, na alikalini, yaani uwezo wa maji kumeza asidi, ikapimwa papo hapo kwa kutitirisha asidi. Ikisubiri kesho, hewa ukaa inatoka, chokaa inaganda kwenye kitako cha chupa, na hakuna cha kurekebisha tena.

Ijumaa, Wete

Asubuhi hesabu, mchana sala.

RAD7 inapuliza hewa ndani ya chupa kwa dakika 5, inasubiri dakika 5, kisha inahesabu mara nne za dakika 5. Jumla ni nusu saa kwa chupa. Chembe zikihesabiwa 100, shaka ni asilimia 10. Zikifika 400, asilimia 5. Maji yenye radoni kidogo yahesabiwe muda mrefu, la sivyo mnagombania kelele.

Halafu swali la kipi ni kigeni. Desturi ni kutoa wastani, na kila kinachovuka mikengeuko sanifu miwili (kipimo cha jinsi masomo yanavyotawanyika kuzunguka wastani) kinapewa jina la dalili. Kipimo cha kila siku, hata kama ardhi imelala fofofo, kitavuka mpaka huo karibu asilimia 4.6 ya siku, sawa na siku 16 au 17 kwa mwaka. Na duniani hakukosekani tetemeko la kulinganisha na yoyote kati ya siku hizo. Kwa hiyo kabla ya kuita kitu dalili, kiondolewe bahari, hewa, mvua na pampu; kionekane kwenye visima visivyopungua viwili na vipimo visivyopungua viwili; na siku zote zilizovuka bila tetemeko kufuata zichapishwe sambamba na zile zilizofuatwa.

Historia ya fani inadai ukali huo. Tashkent, baada ya tetemeko la tarehe 26 Aprili 1966, iliripotiwa kuwa radoni ya kisima kirefu cha maji ya madini ilikuwa imepanda kwa miaka kabla yake, na utafiti ukaenea. China iliwahamisha watu wa Haicheng kabla ya tetemeko la tarehe 4 Februari 1975. Lile la Tangshan la tarehe 28 Julai 1976 likaja bila onyo na kuua watu zaidi ya 240,000. Kobe, tarehe 17 Januari 1995, ndiyo mfano unaonigusa zaidi. Kisima cha Nishinomiya kilionyesha radoni ikipanda kuanzia miezi ya mwisho ya 1994 hadi mara kumi hivi siku chache kabla. Halafu watafiti Tsunogai na Wakita wakatafuta madukani maji ya chupa yaliyotoka eneo lile, kila chupa ikiwa na tarehe yake, wakaona kloridi, sehemu ya chumvi, ikipanda tangu Agosti 1994. Isilandi ya kaskazini nayo, sampuli za kila wiki zilionyesha sodiamu na silika zikibadilika kabla ya matetemeko mawili yaliyozidi ukubwa wa 5, la mwaka 2012 na la 2013. Ni kazi safi, ila ni matetemeko mawili. Tume ya kimataifa iliyoitwa na Italia baada ya tetemeko la L'Aquila ilisema mwaka 2011 kwamba hakuna dalili hata moja iliyothibitika kuwa ya kutegemewa kutabiri.

Kobe inatuachia agizo la vitendo: wekeni chupa ya akiba. Kila sampuli ijazwe chupa moja ya ziada, ifungwe kwa utepe, iandikwe tarehe na kina, ihifadhiwe gizani. Gharama yake ni chupa tupu.

Jumamosi, Micheweni

Upande huu ni jiwe la matumbawe na udongo kiganja kimoja. Bomba la gesi halipigiki, likilazimishwa linapinda. Kazi ni maji peke yake, na maji yenyewe ni membamba: kwa kila mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini yake, kisha chumvi. Pampu ikishusha juu sentimita 10, chumvi inataka kupanda mita 4.

Chumvi inaleta radoni yake. Maji ya bahari yakiingia kwenye mwamba yanang'oa radiamu iliyoshikwa na chembe za udongo, na pale maji mawili yanapochanganyikana radoni inacheza pamoja na maji kujaa na kupwa. Kisima kilicho mita 300 kutoka ufukweni kinaweza kupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na kupanda tena kila bamvua. Kloridi, ile ile iliyowapa Kobe habari, hapa ni mali ya bahari kwanza.

Dawa yake wavuvi wanayo. Sampuli za wiki zisifuate siku ya juma pekee. Zichukuliwe katika hali moja ya bahari, na nzuri ni maji mafu, yaani siku bahari inapojaa na kupwa kidogo, karibu na tarehe 8 na 23 za mwezi wa Kiislamu, saa 2 baada ya maji kupwa. Anayeshika daftari la kisima hapa hahitaji jedwali la bandari, anatazama mwezi. Kila sampuli ipimwe upitishaji umeme, kwani chumvi huupandisha. Radoni ikipanda na umeme ukapanda, shukuni bahari. Radoni ikipanda na umeme ukatulia, na bahari iko maji mafu, na mvua haijanyesha, hapo kaeni sawa.

Jumapili, Konde

Kituo cha mwisho, nje kidogo ya msitu wa Ngezi, panakabidhiwa daftari. Mshika kisima amefundishwa kutoa maji, kusoma umeme na joto, kujaza chupa chini ya maji na kuandika saa. Ukurasa wa mbele una maagizo ya siku ardhi itakapotikisika: andika saa kwanza, hata ya kukadiria, usiwashe pampu, pima kina kwa futi, jaza chupa mbili za radoni na moja ya akiba ndani ya saa 6, kisha kila siku kwa siku 10, halafu rudi kwenye ratiba ya maji mafu. Usitume namba kwenye makundi ya simu kabla hazijasahihishwa, kwa sababu namba ghafi ya radoni ikisambaa usiku watu watalala nje kwa mvua bila sababu.

Chupa za leo zinakwenda na boti ya kesho asubuhi. Zilizojazwa saa 8 mchana na kuhesabiwa Unguja Jumatatu saa 12 jioni zitakuwa na umri wa saa 28, kwa hiyo masomo yake yazidishwe kwa 1.24. Kila kichwa cha chupa kimeandikwa saa ya kujazwa kwa wino usiofutika, na nakala ya saa hizo iko kwenye daftari lililobaki Konde.